Gauni la Jioni Ndani ya Kilo 7

Begi lililo juu ya mizani lina kilo 6 na nusu. Ni la wifi yangu, anayetoka Dar es Salaam Desemba hii kwenda Stockholm kwa mkutano wa wiki moja. Usiku wa mwisho kuna chakula cha jioni, na kadi ya mwaliko haikuacha nafasi ya ubishi: wanawake gauni refu, wanaume suti nyeusi na tai ya kipepeo. Ndege inamruhusu kilo 7 mkononi. Huko aendako joto la Desemba huzungukia nyuzi sifuri, jua hutoka baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri.

Wengi wetu tukifunga mzigo wa safari ya namna hiyo huanza na hofu ya baridi. Linaingia sweta nene, la pili linalifuata, koti la akiba, buti za akiba; gauni linakuja mwisho na begi halifungi tena. Wifi aligeuza mpangilio. Alianza na usiku mmoja wa mavazi rasmi, kisha siku nyingine zote zikafuata matakwa ya usiku huo. Hapo ndipo ilipo siri ya kilo 6 na nusu, na inafaa tuifumue uzi kwa uzi.

Gauni ndilo linaloamua

Katika begi zima, gauni ndicho kitu pekee ambacho hakina mbadala. Sweta ukilisahau utavaa fulana mbili. Gauni ukilisahau huingii ukumbini. Kwa hiyo rangi yake ndiyo inayotawala. La wifi ni jeusi, basi viatu vyeusi, koti jeusi, suruali nyeusi, mtandio wa kijivu. Hakuna kitu cha pili kilichohitajika kwa sababu cha kwanza hakikuoana na kingine.

Uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa wa kitambaa. Kitambaa hupata makunyanzi kinapokandamizwa katika joto na unyevu: vifungo dhaifu vinavyoshikilia nyuzi huachia, kisha hujifunga upya katika mkao mbaya. Pamba hukubali mkao huo upesi na haiuachi bila pasi. Sufu ina mawimbi ya asili yanayoisaidia kujirudi, hasa ukiitundika bafuni penye mvuke. Polyester haina haja ya bafu, kwani umbo lake liliwekwa kiwandani kwa moto mkali kuliko wowote itakaokutana nao safarini.

Ndiyo maana gauni hili lina marinda membamba ya polyester kutoka begani hadi kwenye pindo. Wazo lenyewe si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mhispania Mariano Fortuny, aliyekuwa akifanya kazi Venice, alitengeneza gauni la hariri la marinda aliloliita Delphos, na mwaka 1909 akasajili hataza ya mbinu yake mjini Paris. Wateja walilipokea likiwa limesokotwa ndani ya kisanduku kidogo cha mviringo, na ndivyo walivyolihifadhi. Udhaifu wake ulikuwa hariri yenyewe: marinda yakilowa yalifunguka, na gauni lilirudishwa kwa Fortuny kutiwa marinda upya. Mjapani Issey Miyake aliondoa udhaifu huo kwa polyester. Nguo zake za Pleats Please, zilizoingia sokoni mwaka 1993, hushonwa kwanza zikiwa kubwa kupita kiasi, kisha huingizwa kwenye mashine ya joto katikati ya karatasi na kutoka na marinda yasiyofunguka kwa maji.

Wifi hakununua la Miyake. Alinunua kitambaa cha marinda kilichotoka hivyo kiwandani, akampelekea fundi. Namna anavyolifunga ndiyo iliyonivutia. Analilaza kitandani, anakusanya marinda yote upande mmoja kwa viganja, anashika mabega kwa mkono huu na pindo kwa ule, halafu anasokota kama anayekamua kanga. Likishabana analizungusha kama kata ya kichwani na kulisukumiza ndani ya soksi moja safi ya sufu. Gramu 550, na nafasi linayochukua haizidi ya chungwa kubwa.

Gauni la kitenge lenye bitana, sponji kifuani na mkia lisingefanya hivyo. Kitenge kizuri ni pamba nzito, na mishono yetu ya sherehe hukifanya kizito zaidi. Gauni moja linaweza kupita kilo na nusu na likafika limekunjamana. Anayetaka kitenge amwambie fundi mapema kuwa ni cha safari: kisiwe na sponji, bitana iwe nyepesi, na sketi iwe ya vipande ili ikunjwe kwenye mishono.

Baridi huzuiwa na hewa

Kinachompa mtu joto ni hewa iliyotulia kati ya ngozi na nje. Nguo tatu nyembamba zinazopishana hushika hewa nyingi kuliko moja nene, na zinapunguzika unapoingia ndani. Jambo hili la pili ndilo tunalolisahau sisi tunaotoka Pwani. Majira ya baridi ya Stockholm yako nje ya mlango tu. Ndani ya nyumba, treni na kumbi ni nyuzi 20 au zaidi. Mwenye sweta moja nene la shingo ndefu atatetemeka barabarani na kulowa jasho mkutanini.

Kwa hiyo tabaka la kwanza la wifi ni fulana mbili za mikono mirefu na taiti mbili, zote za sufu laini ya merino. Sufu hunyonya mvuke wa jasho hadi kama theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, na haishiki harufu upesi. Moja inavaliwa huku nyingine inakauka. Fulana ya pamba hufanya kinyume: hulowa na kubaki imelowa ngozini, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayoshinda ya hewa mara 25 hivi. Tabaka la pili ni sweta moja jembamba. La tatu ni kijaketi cha manyoya ya bata kinachojikunja ndani ya mfuko wake wenyewe. La nne ni koti refu la sufu, kubwa kwa saizi moja ili kijaketi kiingie ndani yake. Mpangilio huo una sababu: Desemba ya Stockholm mara nyingi ni mvua iliyochanganyika na theluji, na manyoya ya bata yakilowa hulala na kupoteza hewa yake. Koti la sufu hustahimili unyevu na kuyakinga.

Hakuna kati ya hivyo kilichonunuliwa dukani Ulaya. Vimetoka mtumbani. Marobota yanayofunguliwa katika masoko ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, hutoka kwenye nchi zenye baridi, na wateja wa huku hawana haja na makoti mazito, hivyo bei huwa ya chini. Cha kufanya ni kugeuza kola na kusoma lebo: sufu iwe asilimia 100, au karibu na hapo. Sweta la nailoni na akriliki hufanana na la sufu kwa macho tu.

Kizito huvaliwa

Mizani ya uwanja wa ndege hupima begi, haipimi abiria. Buti, suruali nzito, kijaketi na koti vyote vinapanda ndege mwilini au mkononi. Kwa Dar ya Desemba, yenye nyuzi 31, hilo ni zito kulisema na zito zaidi kulitenda, kwa hiyo koti hushikwa mkononi hadi ndani ya ndege, kisha hugeuka blanketi. Mifukoni mwake kuna glovu, kofia na chaja.

Ndani ya begi, orodha inajieleza yenyewe. Begi tupu la kitambaa lisilo na magurudumu ni kilo 1.2, lenye magurudumu lingeweza kula kilo moja zaidi. Fulana na taiti za sufu ni gramu 750, ingawa seti moja ataivaa chini ya nguo za safari. Suruali ya pili, sweta na blauzi mbili ni kama kilo 1.1. Soksi na nguo za ndani gramu 600, vipodozi na chupa zisizozidi mililita 100 kila moja gramu 700. Viatu vya mchuchumio gramu 650. Vilivyobaki ni mtandio, vito, pochi ndogo ya jioni, karatasi na gauni lenyewe.

Tazama vizuri: viatu vimelizidi gauni uzito. Usiku rasmi wote, kuanzia hereni hadi kisigino, umegharimu kama kilo 1.4, na karibu nusu yake ni viatu. Anayetaka kupunguza zaidi asihangaike na kitambaa. Avae viatu bapa vya ngozi laini chini ya gauni linalogusa sakafu.

Viatu hivyo, kwa vyovyote, havitagusa barabara. Njia za miguu za Stockholm hunyunyiziwa changarawe ili watu wasiteleze, na changarawe humaliza kisigino kwa usiku mmoja. Wenyeji wana desturi nzuri: hufika na buti, hukabidhi koti kwenye chumba cha makoti, hubadili viatu hapohapo na kuziacha buti zikisubiri. Hakuna anayekucheka, kwa sababu wote wanafanya hivyo. Gauni refu lina faida yake pia. Taiti ya merino chini yake haionekani, na mtandio mkubwa wa pashmina uliokuwa skafu mchana unakuwa shali ya mabegani usiku.

Kwa upande wa wanaume

Mwanamume mwenye suti nyeusi ya sufu ana kazi nyepesi: anasafiri nayo mwilini, begini anaweka shati jeupe, tai ya kipepeo na viatu. Ugumu huja mwaliko unapodai koti la mikia, kizibao cheupe na shati lenye kifua kigumu. Kipimo cha juu kabisa cha mavazi hayo kiko Stockholm kwenyewe, kila tarehe 10 Desemba, siku aliyofariki Alfred Nobel, wageni wapatao 1,300 wanapokaa mezani kwa karamu ya Nobel katika Jumba la Jiji. Washindi wengi wa tuzo hiyo hawasafiri na mavazi hayo. Kwa miaka mingi wametuma vipimo vyao mapema kwa duka la kukodisha la Hans Allde, wakakuta suti inawasubiri. Mzigo mwepesi kuliko wote ni ule usioubeba. Lakini kukodi hakungoji dakika za mwisho: pima kifua, kiuno, mikono na mguu wiki kadhaa kabla, na apime fundi, si mwenyewe mbele ya kioo.

Njia ya tatu iko kwenye sheria za meza hiyohiyo: vazi la taifa linakubalika. Mwaka 1982 mwandishi wa Kolombia Gabriel García Márquez alipokea Nobel ya fasihi akiwa na liqui-liqui jeupe, vazi la jadi la kwao, katikati ya makoti ya mikia. Kwa mtu wa Pwani, kanzu, joho na kofia ya mkono ni jibu ambalo tayari liko kabatini. Kanzu nyepesi huingia kwenye kona ya begi, huficha tabaka mbili za sufu bila mtu kujua, na joho huipa hadhi ya usiku. Muulize mwenyeji kwanza kwa barua pepe, kwa sababu si kila mwenye karamu anafuata sheria za Nobel.

Mpangilio huu una mipaka. Ukipanda hadi Kiruna, ambako baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri, koti la sufu halitoshi, na buti za mjini ni hatari kwa vidole. Mwenye mtoto mdogo hawezi kubaki kwenye kilo 7. Ukialikwa karamu mbili na watu walewale, gauni moja litahitaji mtandio wa pili na ujasiri kidogo. Ila kwa mkutano, mahafali au harusi katika mji wenye treni na kumbi zenye joto, kanuni inasimama: chagua kwanza kile utakachovaa kwa saa nne tu, kisha kila nguo nyingine uihoji kama inaweza kukaa chini yake, juu yake au kando yake. Isiyoweza hata kimoja kati ya hivyo, ibaki nyumbani.