Mrija Usio na Lehemu: Kusoma Umbo la Tubogas

Bangili ya tubogas haina pingili hata moja. Jicho la haraka huona mistari myembamba iliyolala bega kwa bega, likadhani kila mstari ni pete ndogo iliyofungwa kwa jirani yake. Sivyo ilivyo. Sonara huchukua tepe ndefu za dhahabu ambazo kingo zake zimeinuliwa, akazizungusha juu ya kiini cha shaba au cha mti, na kila ukingo ukauma ule wa mzunguko uliotangulia. Akimaliza, kiini hutolewa. Kikiwa cha shaba, huyeyushwa kwa tindikali ambayo shaba huiogopa na dhahabu haiijali. Kinachobaki ni mrija mtupu unaojikunja na kujikunjua, na mwilini mwake hamna hata tone la lehemu.

Aliyewahi kumtazama mwanamke wa Pemba akizungusha ukili mmoja mrefu hadi ukawa kikapu ataelewa upesi, ila hapa hakuna uzi. Kinachoshika ni umbo la ukingo lenyewe.

Kazi hii ilipewa jina la mirija ya gesi yenye makunyanzi iliyokuwa ikitumika mwanzoni mwa karne ya 20. Haikuwa mali ya nyumba moja, lakini Bulgari ndiyo iliyoifikisha kwenye mikono ya dunia. Nyumba hiyo ilianzishwa Roma mwaka 1884 na Sotirio Bulgari, mfua fedha Mgiriki, na kuanzia miaka ya 1940 ilianza kuizungusha tubogas kuwa nyoka: saa za Serpenti, za kwanza za mwaka 1948, ambazo mwili wake huzunguka mkono na kichwa chake hubeba saa. Leo vitu hivyo vya miongo ya katikati ya karne, pamoja na kazi za mafundi wengine wa Italia ambao majina yao hayatajwi sana, vinauzwa na kununuliwa tena na wapenda dhahabu wa kila bara. Wanaovikusanya huulizana kwanza kuhusu jina na uzito. Mimi nadhani swali la kwanza liwe umbo, kwa sababu katika dhahabu inayonyumbulika umbo ndilo linaloharibika kwanza, na likiharibika, gramu zinabaki vilevile.

Tuanze na kutokuwapo kwa lehemu, maana watu husifu jambo hili kama ufundi wa kujionyesha tu. Sababu yake ni ya metali yenyewe. Dhahabu ikipitishwa kwenye rola na kuvutwa ikiwa baridi, huwa ngumu, na katika ugumu huo ndimo springi hukaa: ukiinyoosha kidogo, inataka kurudi ilikokuwa. Moto unaiondolea ugumu ule. Fundi akigusa tepe na moto wa kulehemu, mahali pale panalainika, na tepe iliyolainika haina tena hamu ya kurudi. Kwa hiyo ukingo unaoumana na mwenzake ni sharti la umbo hili kuishi. Urembo umefuata baadaye.

Mafundi wa Etruria, katika Italia ya kale, walilijua hili kwa njia yao zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Mikufu yao ya vitanzi, ambayo mifano yake na ya warithi wao unaweza kuiona katika makumbusho ya Villa Giulia jijini Roma, ilijengwa kwa pete ndogo zilizofungwa kwa moto moja moja kabla ya kuunganishwa. Pete iliyokwisha fungwa ilibanwa, ikakunjwa, ikapitishwa ndani ya mwenzake, nayo ikampokea wa tatu. Moto ulimaliza kazi yake mapema, kisha mkufu ukasukwa ukiwa baridi. Hapo ndipo naona undugu wa kweli kati ya kazi zile na tubogas, kuliko katika vichwa vya nyoka na mapambo mengine ambayo watu hupenda kuyaita ya kale. Undugu uko katika mpangilio wa hatua: moto kwanza, mkono baadaye.

Hapa pia kuna jibu kwa msomaji wa pwani anayeshangaa kwa nini dhahabu ya sifa namna hii ni ya karati 18. Sisi, kama jirani zetu wa Ghuba na Bara Hindi, tumezoea kuheshimu karati 21 na 22, na bangili ya karati 18 wengi huiona imepunjwa. Lakini dhahabu ya karati 22 ni laini mno kwa kazi hii. Sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, na zilizobaki za fedha na shaba, hutoa mchanganyiko wenye uwezo wa kukumbuka umbo lake. Nyanya zetu walichagua karati za juu kwa sababu bangili ilikuwa akiba, na akiba hupimwa kwenye mizani. Sonara wa Roma alichagua kilichompa mnyumbuko. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa kazi yake, na kosa ni kuihukumu ya mmoja kwa kipimo cha mwenzake.

Sasa itazame ikivaliwa. Mrija ukiwa umenyooka, mistari yake yote ina nafasi sawa na mwanga huukata katika nyuzi nyembamba zinazolingana. Ukiukunja, upande wa ndani hubana hadi kingo zikagusana, na upande wa nje hufunguka kidogo, mwanya mdogo kuliko unene wa unywele, na katika kila mwanya huingia kivuli. Mkono ukigeuka, vivuli navyo vinahama. Hii ndiyo sababu tubogas haihitaji jiwe. Uso wake haukai kimya, na kinachousemesha ni mwili wa aliyeivaa. Bangili ngumu ina umbo lake hata ikiwa kabatini. Tubogas iliyolala kabatini haijafikia umbo lake, inasubiri mkono uje kuikamilisha.

Kwa kipimo hicho, napenda zaidi zile zilizoachwa tupu. Katika miaka ya 1970 Bulgari waliweka sarafu za kale, za Kigiriki na Kirumi, katikati ya vidani vya tubogas. Katika kidani cha kubana shingo jambo hilo linakubalika, kwa kuwa sehemu ya mbele ya koo huhitaji kukunjika kidogo tu, na sarafu inapumzika pale bila kuuzuia mrija unaoizunguka shingo. Kwenye mkono, fremu ngumu ya sarafu hukatiza mwendo ulioanza vizuri. Mrija unafika penye sarafu na kusimama, kisha unaanza upya upande wa pili, na unyumbufu uliokuwa kiini cha kazi unageuka kamba ya kubebea kitu kingine. Ni vito vya thamani kubwa, na siwakatazi watu kuvitafuta. Nasema tu kwamba pale tubogas imefanywa mtumishi.

Nyoka mwenye magamba ni habari nyingine, na watu huichanganya na hii. Serpenti ile aliyoivaa mwigizaji Elizabeth Taylor huko Roma mwaka 1962, wakati filamu ya Cleopatra ikipigwa, ni ya mwili wa magamba. Katika jamii hiyo ya vito kila gamba hukatwa na kukunjwa peke yake kutoka bati la dhahabu, kisha hupangwa na wenzake, na ndani hupita springi bapa inayoushika mwili wote. Hapo pingili zipo kweli, na kila moja ina mahali pake pa kuchakaa. Uzuri wake ni wa kukusanya vipande vingi. Uzuri wa tubogas ni wa mstari mmoja usiokatika.

Mafundi wa Vicenza, Italia, walikwenda njia ya tatu. Kampuni ya Fope, iliyoanzia huko mwaka 1929 katika karakana ya Umberto Cazzola, ilijulikana baadaye kwa mikufu minene iliyosukwa kwa mashine, na mwaka 2007 ikaleta bangili za Flex'it. Ndani yake, kati ya pingili na pingili, zimefichwa springi ndogondogo za dhahabu ya karati 18. Bangili haina kishikizo. Unaivuta, inapita kwenye kiganja, inarudi. Nimeishika na kuivuta zaidi ya mara moja, na kitu kinachonivutia ni utulivu wa uso wake: haionyeshi popote kwamba inaweza kufunguka. Ni kazi ya akili sana, na kwa kuvaa kila siku huenda ikaishinda tubogas. Lakini kwa msomaji wa umbo ina upungufu mmoja. Kinachofanya kazi hakionekani, na kinachoonekana hakifanyi kazi. Katika tubogas ukingo unaoupa uso mistari yake ndio huo huo unaoushika mrija usifumuke.

Tofauti hiyo ina uzito kwa anayenunua kitu kilichokwisha kuvaliwa. Flex'it iliyochoka huficha uchovu wake hadi uivute: iliyo nzima hurudi mara moja na kwa usawa pande zote, iliyochoka hurudi kwa kusitasita au hubaki na mwanya sehemu moja. Tubogas hukiri mbele ya macho. Ilaze juu ya kitambaa cheusi bila kuikunja. Mistari ikiwa imeachana mahali pamoja tu, kwa kawaida upande unaokabili uwazi wa bangili, ujue ilikuwa ikitanuliwa kupita kiasi wakati wa kuvaa. Tepe ilivutwa zaidi ya uwezo wake wa kurudi. Kisha pitisha kidole. Mgongo wa kila mzunguko unatakiwa uhisike. Ukiwa laini kama sabuni, imesuguliwa na kung'arishwa mara nyingi mno, na kila king'arisho kiliondoka na dhahabu ya juu. Kibonyeo katika mrija mtupu ni vigumu kukitoa, maana hakuna njia ya kuingiza chombo ndani bila kuufungua.

Jeraha baya kuliko yote ni lehemu. Linajulikana kwa lenzi ndogo ya sonara: mizunguko miwili au mitatu imeshikana, bonde kati yao limejaa, na rangi ya pale imetofautiana kidogo na ya jirani. Ukiukunja mrija, unakunjika vizuri kisha unaruka sehemu ile, kama goti lililokataa. Fundi aliyefanya hivyo alitaka kusaidia. Mteja alimletea bangili iliyofumuka, naye akaifunga kwa njia aliyoijua. Lakini moto ulilainisha tepe za kando, na baada ya muda zitafumuka hizo pia. Kwa macho yangu, tubogas yenye lehemu mwilini ni dhahabu nzuri ya karati 18 na si tubogas tena. Bei yake ifuate hivyo.

Mihuri nayo isomwe, ila kwa kazi inayoiweza. Sheria ya Italia ya mwaka 1934 iliwataka watengenezaji waweke alama yenye namba yao na herufi za mkoa, pamoja na nembo ya utawala wa Kifashisti. Baada ya 1944 nembo hiyo iliondolewa. Sheria ya mwaka 1968 ikaleta nyota, kisha namba, kisha mkoa: AR kwa Arezzo, VI kwa Vicenza, AL kwa Alessandria ambako uko mji wa Valenza. Namba 1 AR ni ya UnoAErre, kiwanda kilichoanzishwa Arezzo mwaka 1926. Kwa hiyo bangili yenye nyota inayouzwa kama ya miaka ya 1950 imeshajieleza. Lakini muhuri hukuambia nani na lini. Haukuambii kama mrija bado unarudi, na pengine umegongwa kwenye kifuniko cha mwisho ambacho kilibadilishwa.

Kifuniko hicho kinastahili dakika yake. Mrija wa tubogas ni lazima uishie mahali, na mwisho ndio udhaifu wa kila umbo linalozunguka. Kazi za haraka huufunga kwa kibati bapa, na jicho linagonga ukuta. Zilizo bora huupunguza mwili polepole kuelekea mkia, kila mzunguko ukiwa mwembamba kidogo kuliko uliotangulia, huku kingo zikiendelea kuumana kama kawaida. Kupunguza hivyo maana yake ni kwamba kipimo kinabadilika muda wote na hakuna nafasi ya kurudia. Mkononi hutaona zaidi ya mkia uliolala vizuri kwenye ngozi.

Kwa hiyo ukiletewa mbili, moja ya jina kubwa yenye sarafu katikati na lehemu mgongoni, na nyingine isiyo na jina, yenye nyota na namba ya fundi wa Arezzo au Valenza, tupu, migongo yake ingali na makali na mkia wake umepungua bila kukatika, chukua ya pili. Na usimkubalie yeyote aguse mwili wake na moto.