Ramani ya Usumbura na Majina Yake

Mwalimu atandazapo mezani ramani ya topografia ya Usumbura ya miaka ya 1950 hukutana na matini, wala si mchoro wa ardhi tu. Matini hayo yastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo riwaya.

Katika habari ya ardhi, mchoraji anastahili sifa. Mistari ya mwinuko hubanana mashariki penye milima, kisha huachana tambarare ya Imbo inapoliendea Ziwa Tanganyika. Mto Ntahangwa huteremka ukiukata mji: kusini mwake Buyenzi, Jabe na Bwiza; kaskazini Ngagara, mtaa uliojengwa na ofisi ya nyumba za Waafrika iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1952, ambao wenyeji hata leo huuita Ocaf. Ulikuwa mji wa bandari na viwanda. Kiwanda cha bia kilianzishwa mwaka 1955.

Kasoro imo katika majina. Warundi husema Bujumbura. Kiswahili hudondosha b ya kiambishi, kama Burundi ilivyoitwa Urundi na Buganda ikawa Uganda. Wajerumani walipoweka kituo chao mwaka 1897 walilishika jina kwa umbo hilo la Kiswahili, Wabelgiji wakalirithi, hata ulipofika uhuru wa 1962. Basi lugha yetu ilikuwa karani wa ramani hii.

Lakini wenye lugha hiyo waliandikwaje? Kifaransa cha utawala kiliiita mitaa yao, Buyenzi na Bwiza, makao "ya nje ya mila". Watu walioozana, waliozikana na kufundishana Kurani walihesabiwa kuwa hawana mila! Ramani yajua kilima kina mita ngapi; ujirani haina alama yake.

Atakuwapo wa kusema kwamba ramani ni ya ardhi, tusiidai zaidi. Naam, lakini aliyeandika jina amekwisha kuingia katika lugha, na humo hatuna budi kumhoji. Tena hata ardhi haikutulia: kingo za Ntahangwa zimemomonyoka na kumeza nyumba.

Walimu wenzangu, tuipeleke ramani hiyo darasani. Kando ya kila jina mwanafunzi aandike ni nani aliyelitoa, kwa lugha gani, na wenyeji walipaitaje. Wazee wa kuulizwa wanapungua kila mwaka. Kazi hii haingoji.