Uzi Mweusi wa Sue

Kuna sehemu katika filamu ya The Substance ambayo watu hawaizungumzii sana, labda kwa sababu ikifika hapo wengi wameshafunika macho. Elisabeth Sparkle, mwanamke wa miaka 50, amelala kifudifudi kwenye vigae vyeupe vya bafu. Mgongo wake umepasuka kuanzia karibu na shingo hadi kiunoni. Kwenye mpasuko huo ametoka Sue, msichana laini, hana alama hata moja mwilini. Sue anajicheki kwenye kioo, anaridhika, halafu anachukua sindano na uzi mweusi na kumshona mwanamke aliyemtoa. Anamshona vile mtu anavyoshona gunia la mahindi. Akimaliza, anaenda kutafuta kazi.

Coralie Fargeat, mwongozaji kutoka Ufaransa, aliionyesha filamu hii mara ya kwanza Cannes mwezi Mei 2024, na ikaondoka huko na tuzo ya skripti bora. Ni hadithi ya Hollywood, ya Marekani. Lakini ukiitazama ukiwa kejani Nairobi, kwa laptop, katikati ya video mbili za TikTok za kliniki za urembo, inaanza kukuongelesha wewe. Kliniki hizo za Kilimani na Westlands nazo zina sindano na uzi. Zinauza huduma inayoitwa thread lift, yaani kuinua uso kwa nyuzi, na jinsi inavyoelezwa ni kama kwenda kusukwa: ganzi kidogo, nyuzi zinapitishwa chini ya ngozi ya mashavu, zinavutwa juu, unaenda zako. Hakuna kulazwa, hakuna kisu.

Nyuzi zenyewe si uchawi. Nyingi zimetengenezwa kwa polidioksanoni, au PDO, kitu kilekile ambacho madaktari wa upasuaji wamekitumia miaka na mikaka kushonea ndani ya mwili, kwa sababu mwili hukiyeyusha wenyewe pole pole. Zile za kuinua uso zina vimiba vidogo vinavyong'ang'ania nyama, mfano wa senyenge. Daktari Marlen Sulamanidze ni mmoja wa waliozianzisha nyuzi za miba miaka ya 1990, na zake akaziita Aptos. Uzi wa PDO huyeyuka kwa takriban miezi 6. Wauzaji watakuambia kwamba njia uliyopita uzi huacha kolajeni mpya, na hilo lina ukweli wake, ila kwa wengi kile walichokilipia hudumu mwaka hivi, pengine na kidogo juu yake. Halafu uso unaendelea na safari yake.

Unaendelea kwa sababu si ngozi peke yake iliyokuwa inashuka. Tunapozeeka, mifupa ya uso hupungua, mafuta ya mashavu hupungua na mengine huteremka, na kano zilizokuwa zikishikilia vyote hivyo hulegea. Uzi unavuta pazia. Ukuta ulioliwa nyuma ya pazia hauugusi. Na kuna michubuko, maumivu, vishimo kwenye shavu, upande mmoja kukaa juu ya mwenzake, uzi kuchomoza, au kidonda kuingia usaha. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna la ziada la kuuliza, kwa maana baadhi yetu tukitobolewa tu sikio kovu linavimba.

Nimeyaweka haya mapema kwa sababu wahakiki wengi wameisoma The Substance kama hekaya ya majivuno: mwanamke alitaka urembo kupita kiasi, akalipa. Usomaji huo ni mvivu, na filamu yenyewe inaukataa.

Angalia kinachomfikisha Elisabeth pale bafuni. Ana kipindi cha mazoezi kwenye televisheni. Siku anayotimiza miaka 50, bosi wake Harvey, anayeigizwa na Dennis Quaid, anamfuta kazi huku akitafuna kamba wa baharini, kamera imekaribia mdomo wake kiasi kwamba unatamani kunawa uso. Elisabeth hakuamka siku moja akajichukia kwenye kioo. Alitimuliwa kazi. Uso wake ulikuwa cheti, na cheti kimeambiwa muda wake umeisha. Anachokitafuta baadaye ni mshahara na jina lake, na mahali pa kwenda asubuhi.

Hapo ndipo filamu inapoingia Nairobi bila viza. Katiba yetu, Kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafika 35. Mstari huo ulichorwa kwa nia njema, vijana wapate nafasi. Lakini waajiri nao wana mistari yao, na mingi haijaandikwa. Si mnajua yale matangazo ya kazi ya mapokezi au ya mauzo yanayotaka mtu "mtanashati"? Hakuna anayekueleza maana yake, lakini kila mtu anaijua. Msee wa miaka 28 anayepiga picha ya wasifu wake mara kumi akitafuta upande ambao kidevu kinakaa vizuri si mtu wa majivuno. Amesoma soko.

Kitu cha pili ambacho filamu inakiona vizuri kuliko makala nyingi za afya: hakuna daktari. Chunguza. Kuna muuguzi kijana hospitalini anayemshika uti wa mgongo na kumwachia Elisabeth kifaa kidogo cha kompyuta mfukoni. Kuna nambari ya simu, na sauti ya mwanamume upande wa pili isiyo na jina wala huruma. Kuna kadi, kuna uchochoro mchafu, kuna kabati lenye boksi safi, limepangwa maridadi kuliko zawadi ya harusi. Mwili mzima wa mtu unafanyiwa mapinduzi na hakuna hata mmoja aliyempima presha. Anapopiga simu kulalamika kwamba kidole chake kimezeeka ghafla kwa sababu Sue amepitisha siku zake 7, sauti inamkumbusha masharti, basi.

Wakosoaji wengine wamesema huo ni udhaifu wa hadithi: nani anatengeneza dawa hii, kwa faida gani, mbona hatuelezwi? Mimi naona ndiyo akili ya filamu. Biashara ya urembo inapenda kuwa sauti kwenye simu, na boksi lililofungwa vizuri. Wengi wetu tunajua bei ya huduma kabla ya kujua jina la atakayeshika sindano. Baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa na unaweza kuikagua mtandaoni, lakini ni nani huikagua, wakati ukurasa wa Instagram una picha za kabla na baada? Fargeat ameelewa kwamba ufungashaji mzuri umechukua nafasi ya cheti ukutani.

Na kuna malipo yasiyoisha. Siku 7 za Sue, siku 7 za Elisabeth, dawa ya kila siku, boksi lingine, boksi lingine. Hili lilishachekwa zamani. Mwaka 1992 Robert Zemeckis alitoa Death Becomes Her, ambapo Meryl Streep na Goldie Hawn wanakunywa dawa ya kuishi milele na kubaki wabichi, kisha wanagundua kwamba mwili usiokufa bado unavunjika. Wanabaki kumtegemea Bruce Willis, daktari wa urembo aliyeishia kupamba maiti, awapake rangi na kuwaziba nyufa. Ile ni komedi, lakini kuhusu nyuzi za uso inasema kweli kuliko filamu ya Fargeat. Hofu ya kweli si kugeuka zimwi. Ni kuwa nyumba ya kupangisha ambayo kila mwaka inadai fundi, na fundi anadai doo.

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Fargeat anajibu: unarudi, ila hauji kwako. Sue haoni deni lolote kwa Elisabeth. Anajenga chumba cha siri bafuni na kumsukuma humo, aliyemzaa, kama mzigo. Na hapa lugha yetu ina la kuongeza. Kenya mwanamume akiitwa "mzee" amepandishwa cheo, hata kama ana miaka 34 na kitambi cha juzi. Makanga akimwita mwanamke wa umri huohuo "mathe", gari zima linasikia amezeeshwa. "Shosho" tunalitamka kwa mapenzi nyumbani, na kwa kejeli mtandaoni kumwambia mwanamke anyamaze. Tunapenda kusema sisi Waafrika tunaheshimu uzee. Manze, tunauheshimu ukiwa umekaa kijijini, umevaa leso, unatoa baraka. Ukitaka kusoma habari saa moja jioni, au kuimba jukwaani, au kupendwa tu, heshima hiyo inapungua haraka.

Ndiyo maana sehemu bora ya filamu haina damu. Elisabeth amepanga kutoka na Fred, mwanamume wa kawaida aliyesoma naye, ambaye bado anamwona mrembo. Amevaa, amependeza, yuko tayari. Akifika mlangoni anarudi kioo kidogo. Anaongeza rangi ya midomo. Anatoka, anarudi. Anafunika kifua kwa skafu. Dirishani kuna bango kubwa la Sue likimtazama. Anarudi tena, na sasa anajifuta uso kwa mikono kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuung'oa. Simu inaingia ujumbe, Fred anauliza yuko wapi. Haendi. Demi Moore alikuwa na miaka 61 filamu ilipozinduliwa, na katika dakika hizo chache haigizi mwanamke anayejiona mbaya. Anaigiza mwanamke anayejua yuko sawa na bado hawezi kutoka nyumbani. Ukiwahi kukosa sherehe ya mtu kwa sababu ya uso wako wa siku hiyo, hutaisahau.

Sasa lawama yangu. Baada ya sehemu hiyo filamu inaogopa ilichokigundua. Inahitaji kututisha, na inapotafuta cha kututisha inachukua kilekile ambacho Harvey angechagua: mwili wa mwanamke mzee. Goti lililovimba, nywele zilizonyofoka, kibiongo, matiti yaliyoanguka. Kamera inavitazama kwa chukizo lilelile ililokuwa nalo kwa wale kamba. Tunaambiwa ulimwengu ndio katili, huku tukifundishwa kupiga mayowe tukiona mgongo wa bibi. Huwezi kumtetea mtu kwa kumtumia kama kinyago cha kutishia watoto. Kuna njia nyingine ambayo Fargeat hakuijaribu: kumwacha Elisabeth azeeke kwa dakika tano mbele yetu, anywe chai yake, na sisi tujikute hatuogopi.

Tuzo zenyewe zilimalizia hoja hiyo bila mtu kukusudia. Januari 2025 Moore alishinda Golden Globe, akasimulia jinsi prodyuza mmoja miaka 30 nyuma alivyomwambia kwamba yeye ni mwigizaji wa filamu za bisi tu. Machi, kwenye Oscar, tuzo ya mwigizaji bora ikaenda kwa Mikey Madison wa Anora, aliyekuwa na miaka 25. Madison alistahili, sina ugomvi naye. Oscar pekee ya The Substance ilikuwa ya vipodozi na nywele. Walipongezwa waliotengeneza uzee kwa mpira na gundi. Aliyeubeba kwa sura yake mwenyewe alipigiwa makofi, akarudi kukaa.

Hata hivyo itazame. Itazame na rafiki ambaye ameshaulizia bei ya nyuzi, na usimhubirie. Mtu mzima ana haki ya kufanya anachotaka na shavu lake, na ni unafiki wa kiwango cha juu kwa nchi inayomlipa mwanamke kwa sura yake kumcheka anapoikarabati. Swali la kumuuliza si "kwani hujipendi?" Muulize ni nani atakayeshika sindano, amesajiliwa wapi, na uzi ukivunjika usiku wa Jumamosi atampigia nani. Halafu muulize la pili, gumu zaidi: ni nani hasa aliyesema uso huu umeisha, na analipwa na nani?

Filamu inajibu hilo la pili kwa picha yake ya mwisho. Kilichobaki cha Elisabeth, sura peke yake bila mwili, kinajikokota usiku hadi kwenye nyota yenye jina lake kwenye lami ya Hollywood. Kinatabasamu kidogo, kinayeyuka. Asubuhi anapita mfanyakazi wa usafi na mashine yake, anasugua doa, anaenda kwenye nyota inayofuata. Hakuna aliyemwambia ni damu ya nani, naye hana muda wa kuuliza. Ana barabara nzima ya kumaliza kabla watalii hawajafika.