Mpagazi Amekwenda Wapi?

Hivi mtu anaweza kulalamika kwamba ametunzwa kupita kiasi? Nilipoanza kusoma insha ya Mmarekani David Foster Wallace, A Supposedly Fun Thing I'll Never Do Again, nusura niitupe. Bwana katalii Karibi wiki nzima, Machi 1995, katika meli Zenith yenye abiria zaidi ya 1,300, nauli imelipwa na jarida la Harper's, halafu ananuna! Insha ilitoka humo Januari 1996, na mwaka uliofuata ikakipa kitabu chake jina.

Kilichonibakiza ni ucheshi. Zenith ni utosi wa mbingu. Yeye anaibatiza meli Nadir, yaani kule chini kabisa. Tena anamvizia mhudumu wa chumba, Petra. Akitoka zaidi ya nusu saa, anakuta chumba kinang'aa. Akitoka dakika chache, hakijaguswa. Petra anajuaje? Unacheka, halafu kicheko kinaanza kukutisha. Hiyo ndiyo fani jamani, si kupamba maneno tu.

Kimaudhui, anagusa penyewe. Kampuni inaahidi kwamba hutatamani kitu tena. Lakini bandarini inasimama meli nyingine, Dreamward, nyeupe kuliko yake. Basi! Yule aliyekuwa akistarehe anaanza kuona kasoro kila mahali. Hamcheki abiria mwingine, anajicheka mwenyewe.

Kuna na jambo linalotuhusu sisi waandishi. Frank Conroy, aliyeongoza mafunzo ya uandishi kule Iowa, alilipwa na kampuni hiyo ya meli kuandika sifa zake, zikachapwa katika kijitabu cha matangazo kwa sura ya insha. Wallace anasema msomaji amehadaiwa. Namuunga mkono kabisa. (Nasi tulioandika sifa za bwana mkubwa kwa soda na biskuti, tujitazame.)

Sasa ugomvi wangu naye. Siku ya kwanza anang'ang'ania kubeba begi lake mwenyewe. Mpagazi, Mlebanoni, anabaki njia panda: abiria hakosei kamwe, na abiria habebi begi kamwe. Wakubwa wanamkaripia mpagazi, na baadaye afisa anakuja kumwomba Wallace radhi. Kwangu hapo ndipo penye riwaya nzima. Lakini Wallace anatueleza jinsi alivyoona aibu, kisha anapita. Yule mtu ana watoto? Alikatwa mshahara? Hatuambiwi. Kurasa nyingi zinabaki kwa choo cha kufyonza hewa, na kwa jinsi alivyoshindwa sataranji na mtoto wa miaka tisa.

Mtaniambia aliandika alichokiona. Sawa, lakini aliona vya kutosha kuuliza. Hata nchi kavu haijui sana; mara nyingi anabaki melini akiwatazama wenzake wakishuka. Jamaica Kincaid, mzaliwa wa Antigua, alikwisha kuandika A Small Place mwaka 1988, mtalii anatazamwa na mwenyeji, anaambiwa "wewe" usoni. Humo hakuna pa kujificha nyuma ya aibu yako.

Namwonea Wallace? Labda. Katika muswada wangu kuna mlinzi anayefungua geti mara mbili, na sijampa hata jina. Ndiyo maana imeniuma.

Akipata mtu insha hii aisome, tena kwa kamusi, maana Kiingereza chake kina milima. Ila akitafute na kile cha Kincaid. Ni kidogo, utakimaliza jioni moja.