Dekori inayotembea: nani anaangalia katika dirisha?

Tunapenda kuongea hapa juu ya dekori inayotembea, kwa sababu kundi moja la vijana wa Lubumbashi waliitumia katika mchezo juu ya reli, katika sale ya parokia. Watu walipiga makofi sana. Sisi pia tulipiga. Lakini makofi peke yake hayafundishi mutu kazi.

Tuanze na ile waliyofanya vizuri. Walishona mifuko ya unga mpaka ikawa kitambaa kimoja kirefu, wakakichora, wakakikunja juu ya mabomba mawili ya chuma yaliyosimama kuume na kushoto ya jukwaa. Kijana mumoja anazungusha manivele: bomba moja linameza kitambaa, lingine linakitoa. Kitambaa kirefu namna hii kinapenda kulegea katikati. Wao walishona kamba ngumu kwenye ukingo wa juu na kuipitisha juu ya vigurudumu vidogo. Hakikulegea. Katika muji ambamo ukumbi mukubwa wa teatre, ule wa miaka ya 1950, uligeuka nyumba ya bunge la jimbo, vijana wanaojitengenezea mashine yao wanastahili sifa.

Ufundi wenyewe si wa leo. Kule New York, mwaka 1899, mchezo wa Ben-Hur ulionyesha mashindano ya magari ya farasi. Farasi wa kweli walikimbia juu ya mikanda iliyorudi nyuma chini ya miguu yao, na picha ikapita nyuma yao. Watu walisadiki picha kwa sababu farasi walikimbia kweli. Kitambaa hakina safari yake. Kinaiazima kwa mwili wa mchezaji.

Hapo ndipo vijana wetu walikosea. Wakati garimoshi inaondoka Sakania, wachezaji walitikisika pamoja, na sale nzima ikasafiri nao. Vizuri kabisa. Kisha wakakaa, wakaanza maneno mazito: baba mumoja, aliyetoka Rhodesia ya Kaskazini, anamweleza mutoto wake sababu ya kuacha kijiji na kwenda kutafuta kazi ya shaba. Miili ilitulia, lakini kitambaa kikaendelea kukimbia. Twiga wane wakapita. Nyuma yetu tukasikia: «Angalia, twiga eko anakimbia!» Watu wakacheka, na maneno ya baba yakapotea.

Na twiga wenyewe wametoka wapi? Njia ya Sakania tunaijua: ni pori la miombo, na vichuguu virefu kupita mutu. Twiga wametoka katika kalenda. Hapa iko swali kubwa kuliko manivele: nani anaangalia katika dirisha? Reli ilifika hapa, Élisabethville ya wakati ule, mwaka 1910, na kwa njia hiyo watu wengi waliingia kutafuta kazi. Mutu anayekwenda kwenye kazi asiyoijua hana macho ya wanyama. Anahesabu stesheni, ili ajue njia ya kurudi. Kitambaa kilituonyesha inchi ya mutalii, si inchi ya yule baba.

Mifano mingine iko hapa hapa kwetu. Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974, alichora historia ya inchi nzima, picha karibu mia moja, na akazieleza kwa kinywa chake, moja kisha ingine. Yeye pia alichora juu ya mifuko ya unga. Na mbele yake sana, Waluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga: mutu wa Mbudye anapitisha kidole na kusimulia wafalme na safari zao. Ubao hautembei. Kidole na sauti ndivyo vinatembea, na picha inangojea musemaji.

Basi shauri letu kwa vijana hawa ni hili. Yule wa manivele asifichwe pahali haoni kitu. Akae anapowaona wachezaji, afuate pumzi yao, apunguze wakipunguza, asimame wakisimama. Na kitambaa kichorwe upya: vichuguu, stesheni, watu wanaongojea na mizigo yao. Kikifika mbele ya moshi wa kiwanda cha shaba, kisimame kabisa, ili baba amalize kusema na mutoto wake.