Kuisoma Konea

Konea ni ule utando angavu wa mbele ya jicho. Katikati unene wake ni kama mikroni 540, nusu milimita na ushei, na kazi yake ni kupitisha mwanga bila yenyewe kuonekana. Ndiyo maana nawavulia kofia wanaoipima, kwani wanatafuta kasoro katika kitu ambacho, kikiwa kizima, macho hukipita tu. Kasoro yenyewe ni keratokonasi: konea hupungua unene na kuchongoka mbele polepole, mara nyingi kwa kijana anayebadilishiwa miwani kila mara na bado ubao haumkai sawa.

Njia ya kale naipenda kuliko zote. Mnamo miaka ya 1880 daktari wa macho wa Ureno, António Plácido da Costa, alitumia kisahani kilichochorwa duara nyeusi na nyeupe, moja ndani ya nyingine, chenye tundu katikati la kuchungulia. Duara huakisiwa kwenye jicho la mgonjwa. Zikiwa sawa, uso ni sawa. Zikibanana upande mmoja, hapo pamechongoka. Mashine nyingi za topografia za leo, zinazochora ramani za rangi za umbo la konea, bado zinarusha duara hizohizo, ila hesabu inapigwa na kompyuta. Kinachoakisi hasa ni machozi yaliyotanda juu ya konea. Kwa hiyo mpimaji anayejua kazi humwambia mgonjwa apepese, afumbue macho makubwa, kisha papo hapo anapiga picha. Akizubaa, machozi yanakatika, duara zinavurugika, na jicho zima linatoka na sura ya ugonjwa.

Duara haziuoni upande wa nyuma wa konea, na mara nyingi huko ndiko kubenuka kunakotangulia. Msaada ulitoka mbali na hospitali. Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria, alikuwa akihangaika na picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani, na mwaka 1904 alieleza namna ya kuinamisha lenzi ili kitu kilichokaa mshazari kionekane wazi chote. Kamera ya mtindo huo huzunguka mbele ya jicho kwa sekunde 2 hivi, ikitoa ramani ya uso wa mbele, ya uso wa nyuma, na ya unene kati yake.

OCT, mbinu ya kupiga picha za matabaka kwa mwanga iliyotangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Massachusetts, inachambua kwa undani zaidi. Inatenganisha hata ngozi ya juu ya konea, yenye mikroni 50 tu. Ngozi hiyo ina hila: mahali panapoanza kuchongoka hujipunguza, pembeni hujiongeza, kama fundi anayesawazisha ukuta mbovu kwa plasta. Ukiangalia uso tu, ukuta umenyooka. Ukiipima plasta yenyewe, uficho umefichuka.

Ukiniuliza ipi bora, nitasema mashine ghali katika mikono mizembe haifui dafu mbele ya kisahani. Rangi za ramani hudanganya. Ukibana vipimo vya rangi, jicho zima litawaka nyekundu. Ukivilegeza, la mgonjwa litatulia kijani. Msomaji makini huangalia kwanza kipimo cha rangi, halafu huweka jicho la kulia kando ya la kushoto, maana macho mazima hufanana kama pacha na tofauti kubwa kati yake inatia shaka. Aliyezoea kuvaa lenzi za machoni ataambiwa azivue na arudi siku nyingine, kwa sababu lenzi huikunja konea kwa muda.

Uvumilivu wote huu una faida tangu madaktari wa Dresden walipochapisha, mwaka 2003, matibabu ya matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno. Yanaikaza konea isiendelee kuchongoka. Kilichokwisha kuharibika hayakirudishi.

Afrika Mashariki watoto wenye mzio wa macho ni wengi, na kusugua macho kunachangia ugonjwa huu. Kwenye kliniki isiyo na ramani yoyote, mpimaji wa miwani ana retinoskopu yake ya mkononi. Akipitisha mwanga na kuona unaorudi umegawanyika vipande viwili, vikikaribiana na kuachana, asihangaike kubadilisha lenzi. Amwandikie mtoto rufaa.