Muundi wa bodaboda: ngozi kwanza, chuma baadaye
Bodaboda ilianzia hapa mpakani Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha wasafiri na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Leo ni pikipiki, nazo hupenya katikati ya foleni za malori kutoka Malaba hadi Amagoro. Likitokea la kutokea, mguu huumia upesi.

Pabaya zaidi ni ugokoni. Mfupa wa paja umezungukwa na misuli minene. Muundi, mfupa wa ugoko, kwa mbele umefunikwa na ngozi tu na mafuta kidogo. Ukivunjika, ncha yake huichana ngozi kwa urahisi, na vumbi na bakteria huingia. Nao mfupa ni tishu hai: nje una utando wenye mishipa ya damu, kisha ganda gumu lenye kalsiamu, na ndani mfereji wa uboho. Utando ukichunika, damu hupungua na mfupa huchelewa kuunga.

Ndiyo maana daktari huanza na kidonda. Hutoa dawa za kuua bakteria mapema, husafisha kwa maji mengi ya chumvi, hukata nyama iliyokufa. Kisha huushikiza mfupa.

Kwa kifaa gani? Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ililipima swali hilo kuanzia 2015 kwa wagonjwa 240 waliovunjika muundi na kupata kidonda. Baadhi walifungwa fremu nje ya mguu. Wengine waliwekewa chuma kirefu ndani ya mfereji wa uboho, kilichobuniwa na SIGN, shirika la Marekani lililoanzishwa 1999. Uzuri wa chuma hicho ni mkono wake wa kulenga. Hukaa nje, sambamba nacho, ukionyesha mahali pa kutoboa kwa kekee hadi skrubu ziingie matunduni, bila kutegemea eksirei chumbani mwa upasuaji.

Matokeo yalitoka 2020. Chuma cha ndani kiliacha miguu iliyonyooka zaidi. Lakini baada ya mwaka, takriban mmoja kati ya watano, katika kila kundi, alikuwa amefariki au amehitaji kupasuliwa tena. Kubadili chuma peke yake hakukutosha.

Enyi wanaboda wa Malaba, mkimwokota mwenzenu msiurudishe mfupa ndani. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi, ufungeni mguu kwenye ubao, mfikisheni hospitali mara moja.